FUNDI MITAMBO NAYE NI MFANYAKAZI
Mikasa na mambo ya kukumbukwa katika kazi ya vyombo vya sauti, Kasubi



Katika kurasa hizi mmezoea kusoma habari za wenzetu wa viwanda vya nguo, wa mashamba ya chai na miwa, na wa karakana. Leo mtasoma habari za mfanyakazi ambaye kila mmoja wenu amemsikia, lakini ni wachache waliomtazama. Ni yule mtu anayekaa nyuma ya umati, kwenye meza yenye vifungo vingi, wakati wa harusi, mkutano wa hadhara, dansi au matanga. Wanamuziki humwita fundi mitambo. Watu wa mtaani humwita tu mtu wa vyombo. Mimi ni mmoja wao. Nimeifanya kazi hii Kasubi kwa zaidi ya miaka ishirini, na nimeombwa niwaeleze mikasa yake.

Kwanza mahali penyewe. Kasubi ni kilima katika Tarafa ya Lubaga, mjini Kampala, kando ya barabara iendayo Hoima. Sifa yake kubwa ni makaburi ya Kabaka wanne wa Buganda. Muteesa wa Kwanza alijenga ikulu yake hapo mwaka 1882, akazikwa hapo mwaka 1884. Baadaye walizikwa Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Muteesa wa Pili. Mwaka 2001 makaburi hayo yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Pamoja na ile nyumba kubwa ya nyasi, Muzibu-Azaala-Mpanga, iko nyumba nyingine ndogo iitwayo Ndoga-Obukaba, ambayo ni nyumba ya ngoma za ufalme. Kwa hiyo kazi ya kupeleka sauti mbali si ngeni kwetu. Ilikuwapo kilimani kabla ya waya wa umeme kufika.

Chini ya kilima ni soko, gereji, makanisa, misikiti, baa na nyumba nyingi za kupanga. Karibu kila mwisho wa juma spika hulia mahali fulani, na nyuma ya kila spika yuko mtu.

KAZI ISIYOONEKANA

Mgeni wa harusi hufika hema limekwisha kusimamishwa na viti vimepangwa. Sisi hufika kabla ya hema. Spika moja kubwa ina uzito wa gunia, na tunazibeba wawili wawili kutoka kwenye pikapu, mara nyingi katika vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita. Tunatandaza waya, tunaunganisha amplifaya na mikisa, tunapima kila maiki. Sherehe ikiisha, wageni hupanda bodaboda wakaenda kulala. Sisi tunabaki tukikunja waya mpaka saa nane au saa tisa ya usiku, huku mlinzi akituharakisha.

Kazi hii ina jambo moja la ajabu. Ikienda vizuri, hakuna anayejua kwamba imefanyika. Watasifu chakula, watasifu mavazi ya bibi harusi, watasifu bendi. Lakini maiki ikipiga yowe mara moja tu, watu mia tatu wanageuka kwa pamoja kumtazama fundi.

Lile yowe nalo si uchawi wala si ubovu wa vyombo kila mara. Sauti hutoka kwenye spika ikaingia tena katika maiki. Amplifaya huikuza, hutoka tena, huingia tena, na kila mzunguko huongeza nguvu mpaka masikio yanauma. Mara nyingi mwenye kuleta balaa hilo ni msema chochote anayependa kutembea na maiki mbele ya spika, au mwimbaji anayefunika kichwa cha maiki kwa kiganja. Fundi humwashiria arudi nyuma. Yeye hudhani anapungiwa mkono, naye hupunga!

Iko pia hila ya ukumbi. Mchana ukipima vyombo katika ukumbi mtupu, sauti hugonga kuta na kurudi kwa nguvu. Usiku watu wakijaa, miili na nguo zao humeza sauti, hasa ile nyembamba, na kila ulichopima mchana hakifai tena. Uwanjani kuna hila nyingine. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Ukiweka spika ya pili mita 34 mbele ya zile za jukwaani, maneno ya jukwaani yatawafikia watu waliopo hapo sehemu ya kumi ya sekunde baadaye kuliko ya spika iliyo karibu nao, nao watamsikia msemaji kana kwamba anajirudia. Lazima spika ya mbele icheleweshwe kwa kiasi hicho hicho. Haya hujifunzwa kwa miaka, kama vile mfumaji anavyojifunza kuujua uzi kwa vidole.

MCHUNGAJI NDANI YA HARUSI

Mkasa unaochekesha kuliko yote ulitokea harusini, bondeni kidogo kutoka sokoni. Shangazi wa bibi harusi, yule ambaye Waganda humwita ssenga, alikuwa amesimama kumpa binti yake nasaha za ndoa. Mama huyu alishika maiki isiyo na waya. Alipotulia kidogo ili ameze mate, spika zetu zikanguruma kwa sauti ya mwanamume, "Fuluma! Fuluma!" yaani, toka, toka! Wageni wakatazamana. Bwana harusi, maskini, aliinuka nusu kutoka kitini. Ssenga aliitazama maiki yake kama mtu aliyeshika nyoka.

Kumbe jirani palikuwa na kanisa, na mchungaji alikuwa akikemea pepo kwa maiki ya aina ile ile, katika masafa yale yale ya redio. Chombo chetu cha kupokea kikamnasa. Dakika moja nzima pepo walifukuzwa katika harusi ya watu mpaka tulipomletea mama maiki ya waya. Alipoipokea alisema, "Basi, mwanangu, pepo wamekwisha kutoka, sasa nikwambie habari za mume." Hema zima lilicheka. Tangu siku ile hatuendi kazini bila maiki ya waya.

JENERETA NA GITAA MOJA

Wenzetu wa viwandani wanakumbuka miaka ya 2005 na 2006. Maji ya Ziwa Victoria yalipungua, mitambo ya Jinja ikatoa umeme mdogo, na nchi nzima ikaingia katika mgao. Viwanda vilisimama, nasi tukawa watumwa wa jenereta. Bwawa la Bujagali lilipozinduliwa mwaka 2012 hali ilipata nafuu, lakini hata leo hakuna fundi mwenye akili anayeamini umeme wa ukutani peke yake.

Katika siku hizo za mgao tuliitwa kwenye onyesho moja la kadongo kamu. Jina hilo kwa Kiluganda maana yake ni gitaa dogo moja. Ni muziki wa mtu mmoja na nyuzi zake, akisimulia maisha, mapenzi, umaskini na siasa. Mwenye onyesho alikuwa amenunua petroli kidogo ili abakize fedha. Katikati ya wimbo jenereta likakohoa, likazimika. Giza tupu. Nilingoja chupa zirushwe.

Mwimbaji hakusema neno. Alikokota kiti chake mpaka ukingoni mwa jukwaa, akaendelea na ubeti pale pale ulipokatika. Watu wa mbele wakanyamaza ili wasikie, na wa nyuma wakawanyamazisha wenzao. Mmoja akawasha kibatari. Ukumbi wenye watu wengi namna ile ukawa kimya kama msikiti kabla ya sala, na kila neno likafika mpaka mlangoni. Katika miaka yangu yote sijasikia sauti iliyo safi kuliko ile, na hapakuwa na waya hata mmoja uliokuwa ukifanya kazi.

Sasa sikilizeni mwisho wake. Wakati wa malipo mwenye onyesho alituambia, "Vyombo havikulia saa moja nzima, kwa hiyo nakata nusu." Nilimjibu, "Mzee, petroli ilikuwa juu yako." Akasema nimwonyeshe ni wapi tuliandikiana hivyo. Hatukuwa tumeandikiana popote. Kijana aliyenisaidia kubeba spika alirudi nyumbani Namungoona kwa miguu, maana nauli yake ilikuwa katika ile nusu iliyokatwa.

WAYA WA ARDHI

Mkasa huu hauchekeshi, na naomba wale wanaofanya kazi kwenye mashine wausome mara mbili.

Katika baa moja upande wa Nakulabye mpiga gitaa alisogeza mdomo kwenye maiki ili aimbe. Tulisikia mlio kama wa kofi. Akatupwa nyuma juu ya ngoma, gitaa likiwa bado shingoni. Alipona, lakini midomo yake ilikuwa na alama na mikono ilitetemeka mpaka asubuhi.

Sababu ilikuwa ukutani. Soketi zetu ni za matundu matatu, na lile la juu ni la waya wa ardhi, ule wa rangi ya kijani na njano. Mguu wa juu wa plagi ndio hufungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Plagi ikiwa ya miguu miwili haiingii, basi watu huchomeka kalamu au kijiti katika tundu la juu na kuilazimisha. Mwenye baa alikuwa amefanya hivyo kwa amplifaya ya gitaa. Taa ikawaka, sauti ikatoka, kila mtu akaridhika. Lakini chombo hakikuwa na njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja, na mwili wa mtu ukageuka kuwa njia hiyo: nyuzi za gitaa upande mmoja, chuma cha maiki upande mwingine.

Msidhani hili ni jambo la vijiweni tu. Tarehe 3 Mei 1972, katika mji wa Swansea huko Wales, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows aligusa maiki jukwaani mbele ya watazamaji akafa. Vyombo havikuwa vimeunganishwa na ardhi ipasavyo. Alikuwa na bendi yenye jina na ukumbi wenye jina, lakini umeme hausomi majina.

Dawa yake si ghali ukilinganisha na jeneza. Kwanza, vyombo vyote vya jukwaani vichukue umeme mahali pamoja penye waya wa ardhi uliopimwa. Pili, iwekwe swichi ya usalama inayokata umeme yenyewe unapovuja. Zile za kulinda watu hukata uvujaji unapofika miliampea 30. Tatu, mvua ikianza kupenya hemani, zima kwanza, omba radhi baadaye. Mashine ya kusaga, ya kukata majani ya chai au ya kushona magunia ina sheria hizo hizo. Msimamizi akikwambia kwamba waya wa ardhi si lazima kwa kuwa mashine inazunguka, mkumbushe kwamba hata amplifaya ile ya Nakulabye ilikuwa ikilia vizuri sana.

MASIKIO HAYANUNULIWI

Wenzetu wanaofanya kazi kati ya vitanda vya kufumia wanajua ugonjwa huu. Kelele hupimwa kwa desibeli. Wataalamu wa afya kazini husema mtu aweza kukaa katika desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda wa salama hupungua nusu: desibeli 88 ni saa 4, desibeli 91 ni saa 2, na desibeli 100 ni dakika 15 tu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi za muziki kwamba kelele isizidi wastani wa desibeli 100 katika kila dakika 15, na watu wapewe mahali patulivu pa kupumzika.

Mgeni husikiliza usiku mmoja akaenda zake. Fundi yupo Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, mwaka hadi mwaka. Mwenzangu mmoja, fundi hodari niliyejifunza kwake, sasa husikia mlio mwembamba usiokoma hata akiwa kitandani. Watoto wake humwita mara tatu ndipo ageuke. Hawezi tena kupima maiki ya mwanamke kwa kuwa sauti nyembamba zimemtoka. Masikio ndiyo yaliyokuwa jembe lake, na jembe hilo haliuzwi dukani. Vizibo vya masikio vya bei ndogo vingemsaidia, lakini wakati ule tulicheka kila aliyevivaa.

SIKU ZA KIMYA

Jioni ya tarehe 16 Machi 2010 tulikuwa tukipima spika kwa ajili ya bendi, mtaa wa chini. Tuliona anga jekundu upande wa kilimani, kisha tukasikia yowe za watu. Muzibu-Azaala-Mpanga ilikuwa ikiungua. Tulizima kila kitu. Watu walikimbia kupanda kilima, wengine wakilia kama waliofiwa na mzazi. Usiku ule wote haikupigwa ngoma wala spika mahali tulipokuwa. Nyumba ilijengwa upya kwa miaka mingi, na Septemba 2023 UNESCO ikayaondoa makaburi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Wale waezekaji na wajuzi wa matete waliorudisha paa lile ni wafanyakazi pia, na ujuzi wao ulionekana thamani yake baada ya nyumba kuteketea.

Kimya cha pili kilikuwa kirefu zaidi. Tarehe 18 Machi 2020 serikali ilipiga marufuku mikusanyiko kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Viwanda na mashamba mengi viliendelea kwa masharti, lakini maonyesho ya muziki na baa havikufunguliwa rasmi mpaka tarehe 24 Januari 2022. Hesabuni wenyewe: miezi 22. Niliona wenzangu wakiuza spika moja moja, kwanza zile kubwa, kisha mikisa, mwisho waya kwa uzito wa shaba. Wengine walishika bodaboda. Hapakuwa na akiba ya uzeeni, wala mwajiri wa kuulizwa, wala chama cha kutusemea. Kila mmoja alianguka peke yake ndani ya chumba chake.

TUNALOLITAKA

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe, ndugu zangu. Sisi mafundi tumejiona watu wa starehe kwa sababu tunafanya kazi mahali pa starehe. Tulisahau kwamba anayebeba spika usiku wa manane hastarehe. Umeme unaotupiga sisi ndio unaowapiga ninyi, kelele inayotuziba masikio ndiyo inayowaziba ninyi, na kibarua anayekatwa nusu ya malipo kwa kukosa karatasi yuko kilimani Kasubi kama alivyo shambani.

Sheria zipo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 yamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi aliyeumia kazini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 yamtaka mwajiri aweke mahali pa kazi katika hali ya usalama. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema kibarua aliyetumika mfululizo miezi minne ana haki ya mkataba wa maandishi. Na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022, kila mwajiri, hata mwenye mtumishi mmoja, hana budi kuchangia Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF: asilimia 10 kutoka kwa mwajiri na asilimia 5 kutoka kwa mshahara wa mtumishi. Lakini sheria iliyomo kabatini ni kama spika isiyo na waya. Inahitaji watu wa kuiunganisha.

Huko Marekani mafundi wa jukwaani walikuwa katika hali kama yetu, vibarua wa usiku mmoja mmoja. Mwaka 1893 waliunda chama chao, kiitwacho IATSE, na chama hicho kipo mpaka leo kikijadiliana mishahara, saa za kazi na usalama. Hawakungoja waajiri wawaonee huruma.

Sisi Kasubi tumeanza kwa kidogo. Mafundi kadhaa tumekubaliana mambo matatu: hakuna kazi bila karatasi iliyotiwa sahihi, hata iwe ya ukurasa mmoja, ikitaja malipo, saa na nani ananunua petroli, nusu ya malipo ilipwe kabla ya spika kushuka garini, na hakuna fundi atakayewasha vyombo mahali pasipo na waya wa ardhi. Mwenye sherehe akimkosa mmoja wetu kwa masharti hayo, asimpate mwingine kwa bei ya chini. Sharti hili la mwisho ndilo gumu, maana njaa haina subira. Kwa ajili hiyo twataka kuingia katika chama kikubwa pamoja nanyi, tusibaki kikundi cha marafiki.

Nanyi mnaweza kusaidia tangu sasa. Wengi wenu mko katika kamati za harusi, za matanga na za Mei Mosi, na kamati hizo ndizo zinazotuajiri. Kamati ya wafanyakazi isiwe ya kwanza kumkata mfanyakazi nusu. Muulizeni fundi kama ana mkataba, mwoneni kama amekula, tazameni plagi yake ina miguu mingapi. Kisha msemaji wenu atakapopanda jukwaani na maneno yake yakawafikia mpaka safu ya mwisho, geukeni nyuma kidogo mumwone aliyeyafikisha.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tuungane!